Kamba ya Mbuzi Hadi Takikawa

Wengi mmeniuliza habari za kile chuma kinachokaa juu ya mbabula ya mama, lile jiko lake la makaa, pale kwetu Kikula mjini Likasi, kile chenye umbo la kofia ya askari. Mmoja wenu alidai nimetoka Japani na kofia ya vita ili nikaangie nyama. Nimemjibu huyu kidogo, yule kidogo, kila mtu akaondoka na kipande chake, na sasa vipande havilingani. Basi nimekaa kuandika yote tangu mwanzo. Someni kwa zamu, mniache ninywe chai yangu.

Nilikwenda Japani nikala kondoo, hilo ni kweli. Lakini nilikwenda hasa ili mtu mwingine ale.

Mdogo wangu Kazadi mnamkumbuka. Alikwenda kusomea mashine za kilimo huko Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, akapata kazi na akaoa huko huko. Mkewe anaitwa Naoko. Mama yake Naoko ni mjane, jina lake Fumi, anakaa katika mji mdogo wa Takikawa, ambako ana mgahawa wa kuchoma nyama ya kondoo. Magoti yake yamechoka. Kazadi na Naoko walimtengenezea chumba nyumbani kwao Sapporo, wakamwomba afunge mgahawa aje akae nao. Alikataa. Alisema heri aende kwenye nyumba ya wazee kuliko kuishi na mkwe anayemchukia.

Kazadi hamchukii. Anamheshimu, ila kwa namna yetu. Wale kati yenu ambao si watu wa Kasai mtanivumilia nieleze: kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hamtazami usoni akitafuna, wala hafungui mdomo mbele yake kwa chakula. Nikiwa mdogo tulipanda treni kwenda Kasai, na bibi, mama yake mama, akaingia behewa letu kituo fulani. Baba aliinuka na sahani yake akaenda kusimama pale mabehewa yanapoungana, kwenye moshi na kelele, akala huko safari nzima. Bibi alikuwa akituambia kwa fahari, "Mumeona baba yenu?" Hata leo shemeji yetu Mutombo, mume wa dada yangu, akija kwa mama anakula nyuma ya jiko, ametupa mgongo.

Heshima hiyo ina mlango wake wa kutokea. Familia ya mume humpelekea mama mkwe mbuzi aliye hai, ameshikwa kwa kamba. Mama akiipokea kamba, basi mdomo wa mkwe umefunguliwa, na kuanzia siku hiyo wanaweza kula sahani moja. Lakini mkwe mwenyewe hampeleki mbuzi huyo, wala hajielezi. Anasemewa na mkubwa wake. Baba hayupo tena, na mkubwa ni mimi.

"Yaya," Kazadi aliniambia kwenye simu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "minye nimeshindwa. Kuya huku. Mama iko karibu kwenda kule kwa bazee, na atakwenda na roho mubaya."

"Si umuambie tu?"

"Mukwe anajieleza yeye moja? Bilionekana wapi?"

Mnanijua, mguu wangu hautulii. Sikuuliza mara mbili.

Likasi hadi Lubumbashi

Mama alinipa vitu viwili: kikwembe kipya, kitenge cha maua ya bluu kwa ajili ya mama mkwe, na kamba aliyoisokota mwenyewe, mpya, ngumu, yenye kitanzi upande mmoja.

"Mama, kule nitapata wapi mbuzi?"

"Weye utafuta. Bantu banakosaka mbuzi? Na uangalie mikono yake. Akipokea na mukono moja, urudishe kamba yangu."

Niliondoka asubuhi kwa teksi. Mlimani, kabla hata hatujazoea viti, tukakuta lori la mabamba ya shaba limevunjika ekseli na kuziba njia. Malori yalijipanga nyuma yake mpaka kwenye kona. Dereva wetu alizima gari, akashuka, akajinyoosha kama mtu aliyefika kwake. Nami nikashuka. Mama mmoja wa Kambove, mwenye magunia ya vitunguu, alikuwa amekwisha kutandika kitambaa kwenye nyasi. Chini kidogo kijana alikuwa anachoma michopo, nyama ya mbuzi kwa pilipili na chumvi, akauza yote bila kuhama.

Nilipotoa koti begini kamba ilianguka, na yule mama akaiona.

"Baba, unakwenda kufunga nani?"

Nikamweleza. Dereva alicheka mpaka akashika mlango.

"Bukwe mpaka Japon? Hiyo ni mambo ya bazee! Mutoto akule, aseme merci, basi."

"Nyamaza," mama wa vitunguu akamwambia. "Weye ulikula mbele ya mama mukwe wako?"

"Nilikula. Na kuku mwenyewe nikakamata paja."

"Njo maana bibi yako alikuacha akarudi kwao."

Watu walicheka, dereva naye akacheka, ila kidogo. Mama yule akanigeukia. "Minye niko na bakwe batatu. Wa tatu alikula mbele yangu siku ya kwanza. Nikajua huyu hata nikikufa hatatoa kofia. Lakini, baba, minye ninajua namna ya kusoma mugongo. Ule wa Japon atasoma namna gani?"

Nilikula michopo yangu nikitazama vilima, nikikumbuka baba alivyouita mji wetu wa Likasi kwa jina la Wabelgiji, Jadotville, mpaka kufa kwake, kana kwamba jina jipya ni la watu wengine. Lori lilipovutwa kando jua lilikuwa limesogea sana, na nilifika Lubumbashi nikikimbia.

Addis Ababa

Ndege ya pili ilichelewa. Walituambia kidogo, kisha kidogo tena, kisha wakaacha kutuambia. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Ethiopia, kitambaa cheupe kichwani, anakwenda kumtembelea mwanawe. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alifungua chombo chake, mkate mpana laini wenye uchachu, na mchuzi mwekundu. Alikata kipande, akakikunja na mchuzi ndani, akaunyoosha mkono wake moja kwa moja mdomoni mwangu.

Nilirudi nyuma. Mkono ukanifuata. Watu wa viti vya mbele waligeuka kutazama kama nitakataa. Nikafungua mdomo, mtu mzima mwenye mvi, nikalishwa kama mtoto na mwanamke nisiyemjua. Alitikisa kichwa kwa furaha, akakata kipande kingine.

Kumbe kule kumlisha mtu kwa mkono wako ndiyo heshima yenyewe. Nilifikiri ingekuwaje kama Kazadi angeoa Ethiopia. Mama mkwe angemfuata na mkono, naye angekimbia mpaka mpakani.

Tokyo

Uwanja wa ndege wa Tokyo ni msafi kiasi kwamba nilitembea polepole nisiuchafue. Kwenye meza ya ukaguzi kijana aliyevaa glavu nyeupe alifungua begi langu, akakunjua kikwembe, akakikunja tena vizuri kuliko mama alivyokikunja, kisha akaitoa kamba. Aliitazama. Alitazama kitanzi. Akanitazama mimi, na uso wake ukawa na huruma ya ghafla. Aliita mkubwa wake.

Nikaelewa wamefikiri nini. Mtu peke yake, amevaa koti la zamani la baba yake, ametoka mbali, ana kamba yenye kitanzi. Walinipa kiti. Walinipa maji. Mkubwa wao, mwanamume mwenye nywele nyeupe, alileta simu inayotafsiri, nikaongea Kifaransa polepole.

"Ni kamba ya mbuzi."

Simu ikasema maneno. Wakatazamana.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Bado sijampata. Nitampata hapa."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa mama mkwe wa mdogo wangu. Ili mdogo wangu aweze kula."

Sijui simu ilisema nini, ila yule kijana aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mkubwa wake alichunguza kamba, akahakikisha ni mpya na haijafunga mnyama, halafu akanirudishia. Hapo ndipo nilipotazama vizuri: aliishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasubiri mikono yangu miwili. Kama mama yangu anavyotoa kitu. Nilitoka pale nimepata moyo.

Sapporo

Kazadi alinipokea na kunishika mkono muda mrefu. Amenenepa. Naoko alikuwa nyuma yake, na maneno yake ya kwanza yalinimaliza:

"Yaya, uko na njala? Kuya, tukule!"

Kiswahili chake chote amefundishwa na Kazadi jikoni, kwa hiyo ni cha Likasi kitupu.

Chakula cha kwanza kilikuwa hicho hicho kilichonileta. Wanakiita jingisukan, jina la yule mfalme wa kale wa Wamongolia, ingawa Naoko alisema wenyewe hawana hakika kwa nini. Sapporo ukitaka kukila kwa kelele na bia, nenda kwenye majumba ya zamani ya matofali mekundu yaliyokuwa viwanda vya pombe. Ukitaka kwa utulivu, tafuta vijumba vyenye kaunta na viti vichache, mahali unapomfikia mwenye duka kwa mkono. Tulianza na jumba la matofali.

Mezani kuna moto, na juu ya moto kile chuma mlichokiona kwa mama: kimevimba katikati, kina mifereji kutoka kileleni mpaka chini, na ukingoni kuna mtaro. Kileleni unaweka kipande cha mafuta ya kondoo, kinayeyuka na kuteremka. Nyama mbichi unailaza mlimani. Vitunguu, kabichi na machipukizi ya maharage unayapanga ukingoni, yanakunywa kila kinachoteremka. Sapporo nyama huchomwa bila viungo, kisha unaichovya kwenye bakuli la mchuzi mweusi. Ni nyama laini, haina ile harufu ya kondoo tunayoiogopa huku. Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna anayekupikia. Kila mtu anachoma, anageuza, anamwekea mwenzake. Huwezi kuchukua sahani yako ukaenda nayo pembeni, kwa kuwa chakula kiko pale pale, kati ya nyuso zenu.

Hapo nikaelewa ukubwa wa shida ya Kazadi.

Mhudumu alinipa mfuko mkubwa wa plastiki. Nikashukuru, nikaanza kutia vipande vya nyama. Si huku kwetu michopo ikibaki unafungiwa? Naoko alinishika mkono akicheka mpaka machozi. Mfuko ni wa koti, lisinuke moshi. Koti la baba likaingia mfukoni, nami nikajifanya ndivyo nilivyokusudia.

Siku iliyofuata walinipeleka kwenye bustani kubwa ya mji. Miti yote ilikuwa imechanua maua meupe yenye wekundu kidogo, na chini yake familia zimetandika mikeka zikichoma kondoo, moshi ukipanda kwenye maua. Ruhusa ya kuwasha moto pale ni kipindi hicho kifupi tu cha maua. Mkitaka ushauri wangu, nendeni wakati huo. Kazadi alikula na rafiki zake wa kazini, akawachekesha kwa Kijapani, mdomo umejaa. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu anaipenda nyama hii kuliko wenyewe.

Takikawa

Treni inakwenda kaskazini kati ya mashamba meusi yaliyotoka kuachwa na theluji. Kwangu treni yoyote ni ile ya utoto wangu, hata hii isiyotikisika. Nilisimama kidogo pale mabehewa yanapoungana. Hapakuwa na moshi wala kelele.

Mama Fumi ni mfupi, mgongo wima, nywele zimekatwa kama za mvulana. Alishikilia kaunta kwa ajili ya magoti, akainama. Nami nikainama. Nilimpa kikwembe, akakiweka begani papo hapo akajitazama kwenye mlango wa friji. Tulipendana.

Takikawa wana namna yao: nyama inalala kwenye mchuzi wa soya, tangawizi, vitunguu na tufaha zilizosagwa, kisha ndipo inachomwa. Inatoka tamu, nyeusi kingoni, na mwishoni unatia tambi nene kwenye mtaro zinywe mchuzi uliobaki. Mkifika Hokkaido msiishie Sapporo. Nyama yenyewe, aliniambia, nyingi inatoka Australia. "Imetoka mbali kama wewe," akasema.

Alipanga mabakuli manne. Kazadi akasimama. "Ninaenda kuleta makaa," akasema, akatoka. Makaa yalikuwa yamejaa ndoo pale miguuni petu.

Mimi nilikaa. Nimesimama mahali pa baba, na wazazi wa pande mbili hawakatazwi kula pamoja. Halafu nilikuwa na njala, na yule mama alikuwa akinigeuzia nyama kwa vijiti vyake mwenyewe. Nikala. Nikasifu. Nikaongezewa. Nilikula mpaka tambi za mwisho, nikidhani ninaijengea familia yangu jina.

Mama Fumi alinitazama muda wote. Nilipoweka vijiti chini alisema jambo fulani kwa sauti ndogo, na Naoko hakutafsiri.

"Amesema nini?"

Naoko alitazama bakuli la nne, safi. "Mama anasema: kumbe si desturi ya kabila. Kaka yake anakula na minye bila shida. Basi ni Kazadi yeye moja, ni minye yeye hapendi."

Dirishani nyuma ya mgahawa Kazadi alionekana amechuchumaa kando ya kuni zilizopangwa, ametupa mgongo, anakula wali baridi kutoka kwenye kopo. Mgongo ule ungemfurahisha bibi yangu. Mama Fumi aliuona pia, akavuta pazia.

Nilijaribu kueleza kuwa ni heshima. Naoko alitikisa kichwa. "Hiyo nilishamuambia mara mingi, Yaya. Huku, muntu akikataa kitu, anasema ni heshima. Kila siku tunasema vile. Mama anasikia tu: hapana."

Akaongeza kwamba Jumatatu mama atakwenda kuweka sahihi kwenye nyumba ya wazee. Ilikuwa Ijumaa.

Shambani kwa Mzee Goro

Jumamosi asubuhi nilimpigia mama simu Kikula.

"Hapa hakuna mbuzi. Kuko kondoo tu."

"Iko na miguu ine?"

"Iko nayo."

"Inatembea yenyewe?"

"Inatembea."

"Basi ni mbuzi. Usinisumbue, niko na nguo ndani ya maji."

Kazadi hutengeneza matrekta ya wakulima wa eneo lile, na mmoja wao, Mzee Goro, ni kati ya wachache wanaofuga kondoo wao wenyewe. Meno yake mengi yametoka, hasemi jambo bila kulicheka kwanza. Kazadi alimweleza haja yetu, na katika maelezo yale, kwa mara ya kwanza, akalazimika kuieleza heshima yake mwenyewe kwa mtu wa kule zaidi ya mkewe, ingawa si kwa mama mkwe. Mzee Goro aliacha kucheka.

"Fumi nimemfahamu tangu shule," akasema, Kazadi akinitafsiria. "Kazi yake yote ni kutazama watu wakila. Huo ndio mshahara wake. Wewe umemnyima mshahara."

Kisha akauliza huyo kondoo atachinjwa na nani, maana huko huwezi kumchinja mlangoni kwa mtu, sheria haikubali. Nikamwambia akishapokewa ni wake, akitaka amle, akitaka amfuge. Mzee Goro akapiga paja lake. "Basi atarudi kulala hapa kwangu, ila ni wa Fumi. Na mchague jike, jeuri kama yeye."

Alitutolea kondoo mwenye uso mweusi. Nilimvisha kamba ya mama. Akanikanyaga.

Mlangoni kwa Mama Fumi

Jumapili, kabla ya wateja, gari dogo la mizigo la Mzee Goro lilisimama mbele ya mgahawa. Nilikuwa nimevaa koti la baba na tai ya Kazadi. Kazadi alisimama mbali kidogo, kando ya ukuta, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Naoko alimwita mama yake.

Mama Fumi alitoka na ufagio, aproni juu ya kikwembe changu. Alituona: mimi, kondoo, kamba. Aliangalia barabara upande huu na upande ule, majirani wawili walikuwa wamekwisha kusimama.

Nilisema, na Naoko akafuata neno kwa neno:

"Mama, leo si mimi mgeni wako. Nimesimama mahali pa baba yetu. Mtoto wetu amekula chakula chako wakati wote huu akikupa mgongo. Kwetu mama mkwe anapewa mgongo kama watu wengine wanavyopewa kiti. Yeye haruhusiwi kukueleza. Wa kueleza ni sisi, na sisi tulikuwa mbali, tumechelewa. Mimi nilikula nawe juzi kwa sababu mimi si mkwe wako. Sikukupa heshima kubwa kama yake. Leo tumekuletea mbuzi. Ukiipokea kamba hii, umemfungua mdomo, atakaa mbele yako. Usipoipokea, nitairudisha kwa mama yangu, wala hatutakulaumu."

Kondoo alikuwa ameanza kutafuna pindo la pazia la mlangoni.

"Huyo ni kondoo," Mama Fumi akasema.

"Mama yetu amesema ni mbuzi."

Mzee Goro alikohoa ndani ya gari. Mama Fumi hakucheka. Alimtazama Kazadi pale ukutani, kwa muda mrefu, kana kwamba anausoma upya ule mgongo aliouona kila mara dirishani. Aliegemeza ufagio mlangoni. Alifuta mkono mmoja kwenye aproni. Kisha akafuta wa pili.

Aliipokea kwa mikono miwili, akainama.

Kondoo naye akachagua saa hiyo kuvuta. Magoti ya mama yakakataa, akayumba, na Kazadi, ambaye hakuwahi hata kupita karibu naye, akaruka kutoka ukutani akamshika mkono na kiuno. Walibaki vile, kamba kati yao, wote wawili wameshtuka. Mama Fumi ndiye aliyeanza kucheka.

Ndani aliwasha moto mwenyewe. Mafuta kileleni, vitunguu ukingoni, nyama mlimani. Mabakuli manne. Alimkalisha Kazadi si pembeni, bali mbele yake kabisa. Mdogo wangu alikuwa akitoka jasho kama mtu aliye mahakamani. Mama Fumi alichagua kipande, akakigeuza mpaka kikaiva kingo, akakiweka katika bakuli la Kazadi, akaweka viwiko mezani akasubiri.

Kazadi alinitazama. Nikamwambia, "Kula. Minye njo baba leo. Kula."

Akala. Mwanzoni alificha mdomo kwa mkono. Mama Fumi akaushusha mkono ule. Akala cha pili, cha tatu. Mama alimfuata taya kwa macho, halafu akakunja uso na kusema kitu kwa haraka, akimwonyesha Naoko shavu lile kwa kidole. Naoko akamgeukia mumewe, mdomo wazi.

"Mama anasema unatafuna upande wa kushoto tu. Uko na jino mubovu?"

Kazadi alikiri. Lilimuuma tangu baridi ianze. Mkewe alikuwa hajui. Mimi nilikaa naye wiki nzima sikuona.

Mama Fumi alimlazia kipande kingine laini, kidogo, upande wa kushoto wa bakuli. Kisha akasema, na hapo Naoko alitafsiri akiwa ameinamia vijiti vyake: ile nyumba ya wazee ipigiwe simu. Kesho Jumatatu hana nafasi, anampeleka mtoto wake kwa daktari wa meno.

Kurudi Kikula

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, ila hakuna lililoharibika, kwa hiyo sina la kuwaambia. Mama Fumi sasa anakaa Sapporo katika kile chumba. Kamba ameitundika kwenye msumari kando ya kitanda, na kondoo wake yuko kwa Mzee Goro, anazidi ujeuri. Chuma chake cha zamani alinipa mimi, ndicho hicho mlichokiita kofia.

Jumapili niliyofika nilikiweka juu ya mbabula ya mama nikachoma nyama ya mbuzi, vitunguu na mchicha wa lengalenga ukingoni. Mama hakuuliza habari za ndege wala za Tokyo.

"Mikono?"

"Miwili, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akasogeza kiti karibu na moto. Dada yangu alikuwepo, watoto walikuwepo, kila mmoja akigeuza kipande chake. Nyuma ya jiko shemeji Mutombo alikuwa na sahani yake, ametupa mgongo kama siku zote. Nikiwa bado na moto wa safari, nilisema tumwite naye aje akae nasi.

Mama aligeuza nyama yake polepole.

"Muache," akasema. "Anakula vizuri. Minye ninamusikia."